Joto la Saa Nane

Itigi, tarehe 2 Novemba 1997

Mimi Alute Mtinangi nina miaka sabini na moja. Nimeishi muda mrefu kuliko mbung'o waliokuwa wanatuua kwa malale, kuliko mzungu aliyetutoza kodi ya kichwa, kuliko vijiji vya operesheni, kuliko maduka ya kaya na foleni zake za sabuni. Nimeishi kuliko mke wangu Dorkas pia, na huyo sikutaka kumpita. Kusoma nilijifunza nikiwa na watoto tayari, darasa la kisomo, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni wa karani. Nasema nilivyoambiwa.

Daftari hili amenipa Asnath, binti wa chuo cha kilimo, niandike maua na mvua, na chochote ninachokiona. Alipouliza stesheni nani anakijua kichaka, watu wote walitaja jina langu. Nina mizinga arobaini na moja humo ndani.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna vipande viwili. Kimoja kiko ndani ya kichaka, mahali jua haligusi ardhi. Hicho ni changu, maana nani mwingine anaweza kuingia humo akatoka na shati lake? Cha pili kiko ng'ambo ya reli, pale wachoma mkaa walipofyeka mwaka juzi. Hicho ni cha shemeji yangu Chediel, kaka wa marehemu Dorkas. Kila siku tunachomeka themomita kwenye udongo, kina cha kidole, tunaandika namba. Asnath anasema dunia inapata joto, na anataka kujua udongo wa kichaka utafanya nini joto hilo likifika. Pale palipofyekwa anapatazama kama mtu anayetazama kesho.

5 Novemba

Jua. Nimepima. 27.

9 Novemba

Niandike habari ya fomu, maana ni jambo la kujivunia. Juu kabisa imepigwa chapa: 8 AM. Nane ni saa nane, hata mtoto anajua. AM ni Alute Mtinangi. Huyu binti ana adabu, ameniandikia jina langu kwa mashine.

Siku alipotufundisha pale stesheni sikukaa mpaka mwisho. Alikuwa anaeleza habari za saa na namna ya kushika themomita kama tuko darasa la kwanza. Nikamwambia, mama, mimi nimefukiza nyuki tangu baba yako hajazaliwa, nipe fomu niende zangu. Akacheka, akanipa. Chediel alibaki anauliza maswali.

Saa yangu ya mkono nimeiweka Kiswahili. Ikiwa saa nane, mshale uko kwenye nane. Chediel ya kwake ameiweka Kizungu, anafuata treni na redio, mshale ukiwa kwenye nane yeye anasema saa mbili. Nimemwambia mara nyingi, shemeji, saa yako inakudanganya mchana kweupe. Anacheka tu.

14 Novemba

Miti ya maua meupe imechanua leo na angani hakuna wingu. Zamani ua lilisubiri harufu ya mvua. Nyuki wamefika, na kufikia alasiri ua limeshakauka mtini. Nimepima. 28.

15 Novemba

28.

17 Novemba

Nimetoka kupima nikapita kwa Chediel. Yuko barazani anasuka kamba, miguu juu ya kigoda. Saa ya kazi hiyo. Sikusema kitu kwake. Nilisema jioni kwa binti yangu Marietha, kwenye banda lake la chai pale stesheni, na watu walikuwepo. Nilisema shemeji yangu anapima udongo akiwa barazani, ana mkono mrefu. Walicheka sana.

22 Novemba

Chediel amekwenda Shelui kumzika mdogo wake. Asubuhi nimemwona mkewe, Rahabu, anavuka reli kwenda kwenye kile kipande. Aliinama pale kidogo, akarudi. Tulisalimiana. Saa nane nilikwenda mwenyewe nikakaa nyuma ya gogo nione nani atapima. Hakuja mtu.

23 Novemba

Vile vile. Rahabu asubuhi, saa nane hakuna mtu.

24 Novemba

Vile vile. Hawa watu wanamchezea yule binti.

3 Desemba

Leo nitaandika sana.

Amekuja Chrispin, fundi wa vipimo wa mradi wa Asnath, na pikipiki kutoka Manyoni. Kijana wa haraka. Alitoa shikamoo akiwa anavua kofia ya chuma, hata sikuisikia vizuri. Akatuita mimi na Chediel pale kwa Marietha, akaweka fomu zetu mezani katikati ya vikombe.

Alisema huko ofisini watu wamepigwa butwaa. Kichakani kwangu namba ni ishirini na saba, ishirini na nane. Uwandani kwa Chediel ni ishirini na nne. Yaani kivulini kunawaka na juani kuna ubaridi. Akaomba ndoo ya maji, akatumbukiza themomita zote mbili, zikasoma sawasawa.

"Basi vyombo ni vizima," akasema. "Mmoja wenu wazee anapika namba."

Chediel alisema yeye anaandika anachokiona. Mimi nilisema tangu nizaliwe sijawahi kuandika uongo. Chrispin akauliza kama tunapima saa ile iliyoandikwa. Wote tukasema ndiyo, ile ile. Ndipo mimi, sikuulizwa, mdomo wangu ukasema: muulize siku tatu alizokuwa Shelui nani alipima, maana fomu imejaa. Chediel akajibu bila wasiwasi kwamba alipima mkewe, na kwamba mimi mwenyewe nilimwona huko, tukasalimiana.

Chrispin akanigeukia. "Mzee, ulimwona?"

Watu wa chai wote walikuwa wananitazama. Marietha alikuwa ameshika birika.

"Saa ya kupima nilikuwepo," nikasema. "Sikumwona mtu."

Na kweli saa nane sikumwona mtu. Lakini nilijua naulizwa nini.

Chrispin hakutaka maneno mengi. Alimwandikia Chediel barua palepale ya kumwachisha, akachukua themomita yake na fomu zake tupu, akanipa mimi nisimamie vipande vyote viwili. Chediel aliikunja barua mara nne. Alisimama, akavaa kofia yake, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemeji, Dorkas angekuwa amekaa hapa, ungesema hivyo?"

Nilimwambia asimwingize marehemu kwenye uvivu wake. Watu walicheka. Mmoja akasema kumbe Chediel ni mpishi. Aliyesema hivyo nilikuwa mimi. Nimeandika "mmoja", lakini nilikuwa mimi.

4 Desemba

Kichakani 28. Uwandani 38. Thelathini na nane! Chediel alikuwa anaandika ishirini na nne. Nimemwambia Marietha, unaona sasa nani alikuwa anapika? Akasema anaona. Kisha akaniuliza, "Sasa baba, mbona hufurahi?"

Nikamwambia chai yake haina tangawizi.

10 Desemba

Uwandani 39. Hapo mahali pamenishinda kukaa. Udongo umekuwa kama unga wa dukani, unapita katikati ya vidole. Majani yaliyooza, yale meusi, hayapo. Mchwa hawapo. Kichakani nikikwangua kidogo tu nakuta weusi na unyevu, hata kabla ya mvua.

Asnath alituambia udongo unapumua. Anaufunika kwa kopo lenye kikombe cha dawa ndani, dawa inanyonya ile pumzi, anapima. Ukipata joto unapumua haraka, kama mtu mwenye homa, na hiyo pumzi inakwenda juu kuongeza joto lile lile.

Jambo hili sijamwambia mtu. Mwaka juzi wachoma mkaa walipofika na lori, hawakujua pa kuingilia. Siku hizi kila kitu ruksa, mtu yeyote na lori lake. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Walinipa redio. Mizinga yangu sita ilikuwa upande ule. Walisema hawataigusa.

16 Desemba

Mvua. Kubwa.

17 Desemba

Mvua. Kichakani 25, uwandani 29.

18 Desemba

Mvua. Redio inasema ni Elinino.

25 Desemba

Krismasi. Chediel ni mzee wa kanisa, na kila Krismasi ndiye anayesoma somo. Leo amesoma mtu mwingine. Alikaa benchi la nyuma na Rahabu, wamelowa wote wawili. Inasemekana baraza la wazee limemwambia apumzike mpaka habari hii ya namba itulie. Tulipotoka, watoto wa stesheni walimkimbilia: "Mpishi, leo umepika ngapi?" Hakuwafukuza.

Nilikula pilau kwa Marietha. Sikumaliza.

29 Desemba

Mvua. Sikuweza kuvuka kupima.

1 Januari 1998

Mwaka mpya. Mvua. 25 na 28.

6 Januari

Siku tatu mchana umekuwa maji matupu, saa nane huoni hata mkono wako. Leo nikaona asubuhi kumekucha vizuri, jua limetoka, nikasema nikapime mapema kabla wingu halijarudi. Niliogopa kuharibu kazi, lakini bora namba ya mapema kuliko kukosa.

Uwandani, saa mbili asubuhi, themomita ilisoma 23.

Niliitikisa. Nikaichomeka tena mahali pengine. 23. Nikakaa palepale kwenye gogo, udongo umelowa, sikujali. Jua likapanda. Saa nne 27. Saa sita 32. Sikuondoka. Wingu lilichelewa leo, kama mtu ametumwa. Saa nane 36.

Udongo ule ule. Mtu yule yule. Asubuhi namba ya Chediel, mchana namba yangu.

Nilirudi nyumbani nikatoa zile fomu tupu za Chediel alizoniachia Chrispin. Sikuwa nimezitazama, nilikuwa naandika kwenye zangu. Juu zimepigwa chapa: 8 AM. Nikazifunua zote. Zote 8 AM. Kwa nini fomu za Chediel ziwe na jina langu?

7 Januari

Nimekwenda stesheni kwa Lazaro, karani wa tiketi. Nimemwambia kuna kijana mmoja hapa kijijini, hana kisomo, anauliza AM ni nini. Lazaro akasema, "Mwambie ni asubuhi, mzee. Kizungu hicho. Nane ya AM ni saa mbili yetu."

Nikasema nitamwambia.

8 Januari

Mvua. Sijasema.

9 Januari

Mvua. Sijasema.

11 Januari

Reli imekatika mbele huko, tuta limesombwa na maji. Hakuna treni wala barua. Nilijiambia, vizuri, hata ningetaka kumwambia Asnath nisingeweza. Kisha nikakumbuka kwamba kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa Chediel hakuna reli.

14 Januari

Nimepima asubuhi sasa, na mchana pia. Vyote viwili naandika. Kichakani asubuhi 22, mchana 25. Uwandani asubuhi 23, mchana 33. Kwa hiyo Chediel alikuwa sawa, na kichaka kilikuwa kinaficha ubaridi wake siku zote. Mimi nilikuwa nakisingizia homa. Miaka yote hii najisifu kwamba hakuna anayekijua kichaka kama mimi.

Sijasema.

19 Januari

Marietha amepika maandazi, watu wamejaa kwa sababu hakuna mahali pakavu. Mtu akataja Mpishi, wakacheka. Mimi sikucheka. Mmoja akaniuliza, mzee Alute, leo mbona hutupi lile la mkono mrefu? Nikasema meno yananiuma.

26 Januari

Rahabu amepita hapa. Hakuingia. Alisimama kwenye matone ya paa, akanisalimu kama inavyotakiwa, akasema amekuja kurudisha shoka la Dorkas, lile waliloazima zamani. Nikauliza mbona sasa. Akasema wanahama. Chediel amesema barabara ya Singida ikipitika tu watakwenda kwa mtoto wao Yeremia, Iguguno. Mbuzi wameshauza. Kanisani hawaendi tena.

"Hapa hawezi kuzeeka na jina hilo," alisema.

Nilishika lile shoka. Nilitaka kumwambia, mama Yeremia, nilikuona asubuhi tatu. Mdomo wangu, ambao kwa Chrispin haukuhitaji kuulizwa, leo ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Akaondoka. Aliniangalia mara moja tu, na nikajua kwamba yeye siku zote alikuwa anajua nilisema uongo. Alikuja kunipa nafasi. Shoka lilikuwa kisingizio.

30 Januari

Mvua imepungua. Wanasema lori moja limepita kutoka Manyoni.

1 Februari

Nimekwenda leo. Nilichukua fomu zote, zangu na za kwake, nikazifunga kwenye nailoni. Nyumbani kwa Chediel vyombo viko nje, vitanda vimefunguliwa. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba ile aliyokuwa anasuka mwezi wa kumi na moja. Nilimkuta ameinama, nikaanza kusema kabla hajainuka, maana niliona nikimtazama usoni nitarudi.

Nilimweleza yote. Nane, AM, jina langu, mshale wa saa. Nikamwambia kwamba saa nane nilijificha nyuma ya gogo siku tatu. Nikamwambia asubuhi zote tatu nilimwona Rahabu akipima, tukasalimiana. Nikamwambia hilo la saa ni ujinga na Mungu anaweza kulicheka, lakini la Rahabu ni uongo wangu mwenyewe. Nikasema pia habari ya wachoma mkaa na redio, sijui kwa nini, ilitoka tu.

Alifunga fundo lake mpaka mwisho. Akauliza, "AM ni Alute Mtinangi?"

"Ndivyo nilivyodhani."

"Miezi miwili."

"Miezi miwili, shemeji."

Nilidhani atacheka, yeye ni mtu wa kucheka. Hakucheka. Alisema, "Mimi ulinivua nguo kwa Marietha, mbele ya watu na chai yao. Huku uani umekuja kunivisha, nani anaona?"

Nikamwambia twende. Akasema leo hapana, ni Jumapili, watu wako makanisani. Kesho, saa ya chai, wakiwa wengi. Na akasema nisiseme nilikosea tu. Niseme nilimwona mkewe.

2 Februari

Nimesema.

Walikuwa kama watu ishirini, wakiwemo wawili wa baraza la wazee wa kanisa na Lazaro wa tiketi. Chediel alisimama mlangoni, hakukaa. Nilipofika kwenye AM walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, na Lazaro akasema kumbe yule kijana asiye na kisomo ndiye huyu. Niliwaacha wacheke. Nilipofika kwenye Rahabu hawakucheka tena. Marietha aligeuka akatazama moto. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, kwa hiyo ulijua? Nikasema nilijua. Akauliza, na bado ukala Krismasi na sisi? Nikasema ndiyo.

Miaka sabini na moja nimekaa mezani watu wakinisikiliza. Leo niliondoka na hakuna aliyeniaga.

5 Februari

Lori la Singida limepita. Chediel hakupanda. Vitanda bado viko nje.

10 Februari

Treni imefika, ya kwanza. Asnath ameshuka akiwa amekonda. Marietha alikuwa amemtumia habari kwa dereva wa lori. Nilitaka kueleza, akasema, "Babu, kaa kwanza," akazisoma fomu moja moja kuanzia mwanzo. Ilichukua muda mrefu.

Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Alisema Novemba imepotea. Kipande kimoja kimepimwa asubuhi, kingine mchana, havilinganishiki, na ndicho kiangazi alichokihitaji, kabla ya mvua. Hakiwezi kupimwa tena, udongo ule umeshapita. Zitabaki siku nilizopima vyote viwili kwa saa ile ile. Kisha akasema na yeye ana kosa, angeandika "asubuhi" kwa Kiswahili. Nikamwambia usinisaidie, mama. Mimi ndiye niliyeondoka ukiwa bado unafundisha.

Tulikwenda uwandani na makopo yake. Mwezi wa kumi na moja, alisema, udongo ule ulikuwa unapumua sana. Sasa hata na unyevu wote huu na joto unapumua kidogo mno. Nilidhani ni habari njema, homa imeshuka. Akatikisa kichwa. Akasema umekula akiba yake yote, ile nyeusi iliyowekwa na majani ya miaka mingi, umeimaliza kwa misimu miwili ya jua. Mgonjwa akinyamaza si lazima awe amepona.

Nilimwambia nani alifungua njia. Aliandika kwenye kitabu chake.

11 Februari

Asnath ameandika barua ya kufuta ile ya Chrispin, akaisoma kwa sauti bandani kwa Marietha, akamrudishia Chediel themomita mbele ya watu. Chediel akaipokea kwa mikono miwili. Akasema atapima vipande vyote viwili mpaka mvua iishe, na Rahabu atamsaidia. Kisha akanigeukia.

"Njia ya kichakani utanionyesha, kwa sababu siijui. Tukiwa njiani usinisemeshe. Nikiwa tayari nitakuita shemeji, hapo utajua."

Nikasema sawa.

12 Februari

Nimemwonyesha njia. Tumetambaa kwenda na kurudi, wazee wawili, hakuna aliyesema neno. Asubuhi. 22. Ameandika yeye.

15 Februari

Daftari hili nampa Asnath aende nalo, pamoja na maua na mvua na hayo mengine. Mwandiko ni wangu. Atakayesoma akiona hawezi kuamini kwamba mtu mzima alifanya haya, aulize. Lazaro wa tiketi anajua siku niliyouliza AM. Marietha alikuwepo nilipodanganya na alikuwepo nilipokiri, na ni binti yangu lakini hatanipendelea. Rahabu anazijua asubuhi zile tatu.

Lakini wa kwanza kuulizwa awe Chediel. Mimi hanisemeshi, ila mgeni atamjibu, na atakachosema ndicho kilichotokea.